Vikundi Vilitangulia: Halmashauri na Jumuiya za Wananchi Tanzania Tangu Karne ya 19

Anayeandika historia ya serikali za mitaa nchini Tanzania huanzia kwenye sheria: ya 1926, ya 1953, ya 1982. Njia hiyo ina faida, kwa kuwa sheria ina tarehe na tarehe haina ubishi mwingi. Kasoro yake ni kwamba humfanya msomaji aamini kuwa wananchi walikuwa wametawanyika, kila mtu na lake, mpaka serikali ilipokuja kuwakusanya. Haikuwa hivyo. Watu wa nchi hii walikuwa wakichimba mifereji, wakilimiana kwa zamu, wakizikana na kutozana faini kwa utoro wa kazi za pamoja muda mrefu kabla hajatokea karani wa kuwaandikisha. Halmashauri ndiyo iliyokuja baadaye, na sehemu kubwa ya historia yake ni ya kutafuta namna ya kuishi na waliotangulia: mara kwa kuwatumikisha, mara kwa kuwameza, mara kwa kuwaomba msaada, na siku hizi kwa kuwakopesha.

Katika karne ya 19, miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa imekwisha kusukwa na mamia ya mifereji iliyochepusha maji ya vijito na kuyafikisha kwenye migomba. Wachaga waliiita mifongo. Mfongo ulikuwa na mwanzilishi wake, kwa kawaida mzee wa ukoo fulani, na wote waliokunywa maji yake walikuwa na kauli juu yake. Siku ya kuuzibua ikitangazwa, kila kaya ilitoa mtu. Asiyetokea alitozwa faini au akakosa zamu yake ya maji. Mangi alikuwa na nguvu nyingi katika nchi yake. Aliweza kuita watu vitani, kudai ng'ombe na kuamua kesi. Lakini mgawanyo wa maji wa kila siku haukuwa mkononi mwake. Ulikuwa kwa wazee wa mfongo, na mangi mwenye busara alijua kwamba kuwaingilia kulikuwa kuchokoza ukoo mzima.

Usukumani mambo yalikuwa na sura nyingine, ila msingi ulikuwa uleule. Ntemi alitawala, na chini yake palikuwa na wazee; lakini nguvu kazi ya kijiji ilikuwa katika vyama vya vijana vilivyoongozwa na basumba batale, viongozi ambao vijana wenyewe waliwatambua. Hao ndio walioamua kundi lilime shamba la nani na lini. Mwenye kaya aliyekaidi desturi za kusaidiana aliweza kutengwa, na mtu aliyetengwa alipata taabu kupata hata wa kumsaidia kuezeka nyumba. Ntemi hakuwateua vijana hao, wala hakuweza kuwafuta kwa neno moja. Pwani nako, katika miji ya Mrima, majumbe na madiwani walitawala huku mitaa ikishindana kwa ngoma na karamu. Na chama cha ngoma kilikuwa pia chama cha kuzikana, cha kuchangiana na cha kumpa mtu heshima ambayo ukoo wake haukumwachia. Tusizipambe zama hizo. Watumwa hawakuwa na sauti mbele ya mwinyi, na wanawake walibeba kazi bila kukaa barazani. Ninachokisisitiza ni kimoja tu: mtawala na kikundi walikuwa wawili, kila mmoja na milki yake.

Wajerumani waliipokea nchi hiyo kwa jicho la mtu anayetafuta kodi na vibarua. Mwaka 1891 serikali yao ilichukua utawala kutoka kwa kampuni iliyokuwa imetangulia. Ikaweka maliwali mijini, maakida katika tarafa na majumbe vijijini. Akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani aliyepelekwa bara, hana ukoo hapo, hana mfereji, hana ngoma. Kodi ya nyumba ilianza 1897. Kisha, kuanzia 1902, serikali ilibuni jambo ambalo lingerudi mara nyingi kwa majina tofauti: mradi wa jamii ulioamriwa kutoka juu. Katika maeneo ya Dar es Salaam, Rufiji na Kilwa kila jumbe aliagizwa kufungua shamba la pamba la jumuiya, watu wake wakalime kwa siku walizopangiwa, na mapato yagawanywe baina ya wakulima, jumbe na ofisi. Wakulima waliona senti chache, na wengine hawakuona kitu. Julai 1905, katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya shamba kama hilo. Ndivyo vita vya Maji Maji vilivyoanza, na kabla havijaisha 1907 vilikuwa vimeenea kusini yote na kuua watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa. Sababu zake ni nyingi na wanahistoria bado wanazijadili. Lakini anayesoma habari za maendeleo ya jamii asisahau kwamba mradi wa kwanza wa kijiji ulioandikwa katika daftari la serikali ulijibiwa kwa kung'olewa.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu, walijifunza nusu ya somo hilo. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, alipitisha mwaka uliofuata sheria ya mamlaka za wenyeji: machifu watawale watu wao, wawe na mahakama zao na hazina zao, zikipata sehemu ya kodi. Kwa mara ya kwanza serikali ya mitaa ilikuwa na sanduku lake la fedha na daftari lake la matumizi. Nusu ambayo Cameron hakujifunza ni kwamba chifu hakuwa jamii nzima. Ofisi ya wilaya ilipotaka kuzungumza na wananchi ilizungumza na chifu, na kikundi chochote kilichozungumza bila kupitia kwake kilionekana kama uasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kilimanjaro, na unastahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichaga walianzisha chama chao, KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Mwanzoni utawala ulikiunga mkono. Ofisa wa wilaya Charles Dundas alikuwa amehimiza kahawa kwa bidii, na chama kilisaidia kununua dawa za wadudu, kutunza mibuni na kutafuta soko, wakati walowezi wa Kizungu wakipiga kelele kwamba Mwafrika asiruhusiwe kulima kahawa ya Arabika. Halafu chama kikafanya lile ambalo chama chochote chenye uhai hufanya: kikatoka kwenye kahawa kikaingia kwenye ardhi. Serikali ilipotaka kupima mashamba mwishoni mwa miaka ya 1920, KNPA ilihoji. Machifu waliona wakulima wenye daftari na fedha wakisema mambo ambayo wao walijiona ndio wenye haki ya kuyasema. Maofisa waliona siasa. Tuhuma za fedha zikajitokeza, Merinyo akaondolewa, na baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932, KNPA ikazikwa na mahali pake kikaja, mwaka 1933, Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU.

KNCU ilikuwa bora kwa hesabu na kwa biashara. Hilo lazima likubaliwe. Lakini sasa mamlaka ya wenyeji ilitoa amri kwamba kila mkulima wa Kichaga auze kahawa yake kupitia chama hicho na si kwingineko. Chama na ofisi vikawa kitu kimoja machoni pa wakulima. Bei ilipoanguka, hasira ambazo zingeishia katika mkutano mkuu wa wanachama ziligeuka kuwa hasira dhidi ya serikali. Wakulima walikwenda mahakamani wakashindwa, na mwaka 1937 ghasia zikazuka mlimani, majengo ya vyama yakashambuliwa na askari wakaletwa. Mwaka huohuo Bukoba nako kulikuwa na vurugu juu ya kanuni za kilimo cha kahawa. Hapo ndipo naona chanzo cha kosa lililojirudia kwa miaka 50 iliyofuata: mtawala kukipenda kikundi kiasi cha kumlazimisha kila mtu awe mwanachama.

Mijini, ambako chifu hakuwepo, watu walijipanga bila kumwuliza mtu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti vilienea kutoka pwani hadi bara, vikiwa na vyeo, sare na orodha za wanachama, vikizika wafu na kupokea wageni kituoni. Maofisa waliwatilia shaka kwa sababu ya vyeo vyao vya kijeshi, wakawapeleleza, wakakuta watu wanacheza. Mwaka 1929 wafanyakazi na walimu wa Dar es Salaam walianzisha Chama cha Waafrika, ambacho baada ya robo karne kilizaa TANU. Vyama vya kusaidiana vya watu waliotoka wilaya moja vilifuata. Baraza la mji halikuwa na nafasi kwa hao wote, maana diwani wa mji wa kikoloni hakuchaguliwa na mpangaji wa Kariakoo.

Miaka ya 1940 na 1950 ilikuwa zama za madai. Upare, baraza la machifu lilipoleta kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, maelfu ya wanaume walikusanyika Same mwaka 1945 na kukaa huko, wake zao wakiwaletea chakula. Hatimaye kodi hiyo ikafutwa. Wameru walipohamishwa Ngare Nanyuki 1951, umoja wao ulimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Uingereza, ikiona machifu hawatoshi, ilipitisha mwaka 1953 Sheria ya Serikali za Mitaa iliyoruhusu halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa, ila kwa sharti la mchanganyiko wa rangi. Huko Geita halmashauri ya namna hiyo ilipoanzishwa 1958, wakulima wa pamba waliikataa, wakaandamana hadi Mwanza, na serikali ikarudi nyuma. Watu hao hawakuwa wageni wa mikutano. Tangu 1955 vyama vyao vya pamba vilikuwa vimeungana chini ya uongozi wa Paul Bomani katika Shirikisho la Victoria, na mkulima aliyezoea kumchagua karani wa mizani hakuona sababu ya kupangiwa diwani.

Basi uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilirithi pande mbili zenye nguvu zisizolingana: halmashauri changa zenye wasomi wachache na fedha kidogo, na vyama vya wananchi vilivyokwisha kuangusha kodi, halmashauri na hatimaye ukoloni. Mamlaka ya machifu yalifutwa 1963. Kazi za kujitolea zilishika kasi. Barabara, zahanati na madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi kwa wingi kuliko uwezo wa halmashauri kuyapatia walimu na dawa. Huo ndio ulikuwa ugomvi wa kwanza wa nchi huru: kikundi kimejenga, halmashauri haina cha kuweka ndani.

Lakini kisa cha zama hizo kiko Songea. Mwaka 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wakala njaa, wakapoteza wenzao, wakajaribu tena. Vijiji vingine vilijiunga, na ukazaliwa Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma, ambao katika kilele chake ulikuwa na vijiji zaidi ya 10. Katibu wake alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Walilima pamoja na kugawana kwa kanuni walizozitunga wenyewe. Walikuwa na kinu cha kusaga, mashine ya mbao, karakana, na shule ya Litowa iliyofundisha watoto kwa mtaala uliotokana na maisha ya kijiji. Mwalimu Nyerere aliupenda mfano wao, na athari yake inaonekana katika maandishi yake ya ujamaa ya 1967. Ila katika mkoa hali ilikuwa nyingine. Maofisa walikuta vijiji vinavyopanga mipango bila kuwauliza, vinavyokataa ushauri usiofaa na vinavyopata misaada kutoka nje ya nchi moja kwa moja. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja Umoja huo. Kinu na mashine vikachukuliwa. Uamuzi ulikuwa kwamba chama ndicho kitakachojenga ujamaa, na kisiwepo chama pembeni ya chama. Wanaoutetea husema taifa changa lilihitaji mshikamano. Nami naona mshikamano ndio uliovunjwa siku ile.

Mengine yalifuata kwa haraka. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa na halmashauri za wilaya zikapoteza mhimili wake wa mapato. Mwaka 1972, chini ya kaulimbiu ya Madaraka Mikoani na ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, halmashauri hizo zilifutwa kabisa. Za miji zikafuata baadaye kidogo. Waliotakiwa kupeleka madaraka karibu na watu walikuwa wakurugenzi walioteuliwa na serikali kuu. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na operesheni za kuhamisha watu zikashika kasi. Sheria ya 1975 ilikipa kijiji serikali na mkutano mkuu wa watu wazima wote, jambo ambalo kwenye karatasi lilikuwa kubwa. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa na mali zao zikaenda kwa mamlaka za mazao. Kwa miaka minne hivi, taifa likafuta pande zote mbili za uhusiano tunaouzungumzia. Katika mahojiano ya 1984 Nyerere mwenyewe alisema kwamba, kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Viongozi wachache wa Afrika wamewahi kutaja makosa yao kwa majina namna hiyo.

Kilichorudisha halmashauri hakikuwa nadharia. Kilikuwa uchafu. Miji isiyo na baraza la kusimamia taka na mitaro ilipata kipindupindu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikafufuliwa kwa sheria ya muda. Sheria Na. 7 na Na. 8 za 1982 zikarudisha mfumo mzima, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi. Katiba nayo, katika ibara za 145 na 146, iliweka kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi na kuwashirikisha katika mipango. Sheria ya ushirika ya 1982 iliruhusu vyama vikuu kurudi. Lakini halmashauri iliyofufuka ilikuta vijijini kikundi ambacho hakikumsubiri mtu. Karibu na 1982, wizi wa ng'ombe ukiwa umekithiri na silaha za vita vya Uganda zikizagaa, wanavijiji wa Kahama na maeneo jirani walijipanga kwa pinde na mishale wakajiita wasalama. Nchi ikawajua kama sungusungu. Muundo wao ulifanana sana na ule wa vyama vya vijana vya kale. Polisi waliwakamata baadhi yao, mahakimu waliwahukumu, lakini viongozi wa taifa waliona usalama umerudi na wakawaunga mkono. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Ni kweli pia kwamba sungusungu walipiga watu, wakaua wengine, na vikongwe walioitwa wachawi hawakupata utetezi kwao. Kikundi kuwa cha wananchi si hati ya haki.

Dar es Salaam ilitoa somo la namna nyingine. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake Tabata, makazini pa watu, na moshi wake ukiwaumiza. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakaishtaki halmashauri yao wenyewe, na mahakama ikawapa haki. Jiji lilivuta muda, likaomba nyongeza ya siku, likaendelea kumwaga. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 jalala lilifungwa. Kilichonivutia katika kisa hiki ni kilichofuata ushindi. Wakazi hawakutawanyika. Waliunda mfuko wa maendeleo wa Tabata, na pamoja na chama cha wakazi wa Kijitonyama wakawa wabia wa Jiji katika mpango wa kuboresha maji, barabara na mitaro, wakichangia sehemu ya gharama. Katika bonde la Hanna Nassif, Kinondoni, kuanzia 1994 wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro ya mvua kwa ujira, chini ya chama chao, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Baadaye Jiji, likiwa limeshindwa kuzoa taka hata kwa kumkodi mfanyabiashara binafsi, liligawa kazi hiyo kwa makampuni madogo na vikundi vya mitaani, vingi vikiwa vya akina mama. Halmashauri ilitoa sheria ndogo na mipaka ya eneo. Kikundi kilitoa mikokoteni, mabega na ujuzi wa nyumba ipi inakwepa ada.

Wakati huohuo, huko Babati, serikali ilikuwa inapima msitu wa Duru-Haitemba, hekta zipatazo 9,000 za miombo, ili uwe hifadhi. Wanavijiji wa vijiji 8 vilivyouzunguka walipoona mipaka inawekwa, wengine walikimbilia kukata na kulisha kabla hawajafungiwa. Mwaka 1994 upimaji ulisimamishwa, na badala yake vijiji vikakubaliana kuutunza wenyewe, kila kijiji na kipande chake. Vilichagua kamati na walinzi, vikaandika kanuni za kuni, malisho na mkaa. Hapa ndipo halmashauri ya wilaya ilipokuwa na kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya: iliidhinisha kanuni hizo kuwa sheria ndogo za vijiji, zikawa na nguvu mahakamani hata dhidi ya mchoma mkaa aliyetoka mjini na barua mfukoni. Kijiji hakikuomba fedha, kiliomba mhuri. Halmashauri haikuwa na walinzi; ilipata vijiji 8 vya walinzi. Msitu ulianza kupona, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa nchi nzima. Katika karne na nusu tunayoipitia, sijui mkataba mwingine uliosimama vizuri zaidi, na ulisimama bila semina ya kuwaelimisha watu ushirikishwaji ni nini.

Semina zilikuja. Waraka wa sera wa 1998 uliahidi ugatuaji wa madaraka, na programu ya maboresho ya serikali za mitaa ikaanza 2000. Mwaka huohuo ilianzishwa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, iliyotaka kila mradi usimamiwe na kamati ya wananchi. Mpango wa elimu ya msingi wa 2002 ulizipa kamati za shule fedha za kusimamia. Maji yalidai kamati, mifuko ya afya ya jamii ilidai bodi, misitu ilidai kamati, UKIMWI ulidai kamati, na utaratibu wa Fursa na Vikwazo ulidai kijiji kizima kikae siku kadhaa kuorodhesha matatizo yake, orodha ambayo mara nyingi ilifika wilayani ikakuta bajeti imekwisha kufungwa. Mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aliweza kuwa katibu wa kamati nne. Hizo kamati zilifanya kazi ya kweli, zikajenga madarasa na visima; ila nyingi zilizaliwa na mradi na kufa na mradi, kwa kuwa halmashauri ndiyo iliyozihitaji, si kijiji.

Kisha halmashauri yenyewe ikaanza kupungua mwili. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogo vilifutwa. Vilikuwa kero, na havikuliliwa na mtu. Lakini halmashauri nyingi zikawa zinaishi kwa ruzuku ya serikali kuu, na mwenye kuishi kwa ruzuku hutazama inakotoka. Mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zilihamia kwa wakala wa serikali kuu, TARURA; mwaka 2019 maji ya vijijini yakahamia kwa wakala mwingine, RUWASA. Utaalamu huenda umeongezeka. Lakini jumuiya ya watumia maji inayosimamia bomba la kijiji sasa huripoti kwa wakala ambao hauna diwani, na diwani akiulizwa mkutanoni kuhusu daraja lililobomoka anajibu, kwa haki kabisa, kwamba si lake.

Alichobakiwa nacho diwani ni mkopo. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake na vijana, agizo lililotekelezwa na waliotaka. Marekebisho ya sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 2018 yaliligeuza kuwa lazima: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba, kwa vikundi. Ni fedha za haki, na ziko cherehani, mashine za kukamua alizeti na bodaboda zilizonunuliwa kwa fedha hizo na zinazofanya kazi leo. Ila sharti la kuwa kikundi limezaa vikundi vya sharti. Afisa maendeleo ya jamii hutoa mfano wa katiba, wanachama hujaza majina, mtendaji wa kata hupiga mhuri, na watu ambao hawakuwahi kulima pamoja hata tuta moja hujikuta wakidhaminiana. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu iliyotolewa Aprili 2023 ilitaja mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, na serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo mwezi huohuo. Mikopo ilirudi 2024, baadhi ya halmashauri zikitakiwa kuitoa kupitia benki.

Pembeni ya mikopo hiyo iko VICOBA, mfumo wa kuweka na kukopeshana uliotokana na mradi wa shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 na kufika kwetu kupitia Zanzibar. Hapo wanachama hununua hisa kila wiki mbele ya wenzao, sanduku lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3, na mwisho wa mzunguko wanavunja na kugawana. Hakuna afisa anayewafundisha kudaiana. Anayeshindwa kulipa atakutana na wadai wake bombani kesho yake asubuhi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitaka vikundi hivi visajiliwe, na kazi ya kuvisajili imekasimiwa kwa halmashauri. Kwa hiyo leo ofisi ileile hukisajili kikundi, hukikopesha, hukagua vitabu vyake na, uchaguzi ukikaribia, hukihesabu miongoni mwa mafanikio yake. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 wagombea wengi walipita kwenye vikao vya vikundi hivyo wakiahidi kuongeza mikopo. Kuhusu kanuni za msitu, zamu za maji au hesabu za mapato na matumizi, ambazo sheria inataka zisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila miezi 3, ahadi zilikuwa chache.